Kisahani cha Majivu cha Nyapara

Watu wa Kahama wakimsifu Nyapara huanza na mavazi yake: kofia ya kaki, suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata ndizi, viatu alivyovifuta kwa mafuta ya karanga pale rangi ilipokosekana dukani. Wakitoka hapo wanakwenda kwenye ulimi wake, na kweli ulimi alikuwa nao. Mimi nitaanza na visahani vya majivu ya sigara, kwa kuwa sijapata kumwona mtu mwingine, mweusi wala mweupe, aliyelifikiria jambo hilo kwa dhati kama yeye, na kwa kuwa kila nikilikumbuka damu hunichemka.

Alikuwa nyapara katika mgodi mmoja wa dhahabu kwenye vilima vya upande wa Geita, miaka ile vita vilipokwisha na askari wetu waliobaki hai wamerudi makwao. Baba yangu alifanya kazi chini yake. Kisahani kimoja alichokichagua Nyapara kwa macho yake mawili kilimpeleka baba yangu jela. Baba alipotoka alitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aje kwetu Kharumwa, aseme mbele za watu kwamba kisahani kilikuwa chake. Nayasema haya mapema ili, nikianza kueleza uzuri wa mtu huyu, msomaji asije akadhani nimemsamehe.

Uzuri alikuwa nao. Nyumba yake ndiyo pekee katika kambi ya weusi iliyokuwa na bati na sakafu ya saruji, na ndani mlikuwa na sebule, neno ambalo sisi tulilijua kwa sababu yake. Viti vinne vyenye mito, meza ya mninga, na juu ya meza kitambaa cheupe alichokifuma mkewe, chenye maua ya samawati pembeni. Jumapili wanaume waliitwa kukaa humo, wakakaa kwenye ncha za viti wakiogopa kuvichafua. Sisi watoto wa kike tulipeleka maji ya kunywa, na ndiyo maana nayajua yaliyosemwa.

"Kisahani cha majivu," alisema akiwa ameegemea, "kinatafutwa kama mke. Sura peke yake haitoshi."

"Na mume je?" mkewe alidakia kutoka jikoni. "Alitafutwa kwa uzito?"

Watu walicheka, naye alicheka kuwashinda, kisha akaendelea na somo lake. Kisahani cha nyumbani sharti kiwe kizito, ili kiwiko cha mlevi kikikipiga, meza itikisike lakini chenyewe kisihame. Kiwe na kina, maana upepo wa kiangazi ukiingia mlangoni majivu yote huhamia kwenye chai ya mgeni. Ukingoni kiwe na mapengo ya kulazia sigara, na kila pengo lielekee ndani kidogo, ili sigara iliyosahauliwa iangukie ndani, isiangukie kitambaa. Kisiwe cheupe, kwa kuwa cheupe huonyesha kila kovu. Mwanamke aweze kukiosha kwa mkono mmoja huku amebeba mtoto. Na zaidi ya yote kipendeze, kwa sababu mgeni anayevuta hutazama chini, na anapotazama chini ndipo anapoipima nyumba yako.

Alikuwa na msemo wake, sijui aliutunga mwenyewe au aliuokota kwenye safari zake: "Nyumba isiyo na pa kuweka majivu, mgeni atayaweka moyoni mwako." Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaona ni hekima kubwa. Sasa naona ni maneno ya mtu aliyekwisha kujua atakakoyaweka ya kwake.

Alijaribu vyombo vya kila namna. Alianza na kifuniko cha kopo la sigara. Kikapata moto, kikatoboa kitambaa, mkewe akashona ua lingine juu ya tundu. Akapata kombe la chaza la pwani kutoka kwa fundi mmoja mgeni. Liliyumba kama mtu aliyekunywa pombe ya mtama na likanuka samaki kila mvua iliponyesha. Akachongesha cha mti, kikaungua. Pembe ya ng'ombe aliikataa bila hata kuijaribu, akisema pembe ikiguswa na moto hunuka maiti na yeye hawezi kumvutisha mgeni maiti.

Siku moja lori la mgodi lilikwenda Kahama, nasi tukapakiwa, mama na mimi, pamoja na Nyapara na mkewe. Kwenye duka la Mhindi mmoja wa sokoni Nyapara aliomba ateremshiwe visahani vyote vya rafuni. Alivipanga kwenye kaunta. Kila kimoja alikipiga kwa kiwiko, akakipuliza, akakilazia sigara isiyowashwa, akasogea nyuma hatua tatu akakitazama amefumba jicho moja. Watu walijaa mlangoni. Alipofika cha sita Mhindi alivua miwani.

"Nyapara, wewe nunua ama toka! Hii duka, si mahakama."

"Mimi sijakataa kununua," alijibu kwa adabu iliyokera zaidi kuliko tusi. "Nataka tu nijue nitaishi na nani."

Alinunua cha kioo kinene, cha kijani. Njia nzima alikipakata mapajani, lori likiruka mashimo, wakati mama yangu alikuwa amekalia ukingo wa debe la mafuta ya taa na hakuna aliyemuuliza kama anaumia. Niliona fahari kuwa jirani yake. Nilikuwa mjinga.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Zamu ilipokwisha yeye ndiye aliyesimama langoni kupekua vibarua wasitoke na dhahabu. Aliwafumbua vinywa, akapitisha vidole kwenye nywele, akawainamisha, akawaamuru wakohoe. Watu wazima wenye watoto wakubwa walisimama uchi mbele yake kwenye jua, naye hakuwahi kuona haya wala kuwaonea huruma. Aliwahi kumpiga kofi mzee wa Kisumbwa kwa kuchelewa kuvua kaptula, na jioni ya siku hiyohiyo akampelekea mzee yule sukari na chumvi na blanketi. Mzee alivipokea. Tulisema, Nyapara ana mkono mkali lakini moyo wake ni mweupe. Hivyo ndivyo alivyotununua, kofi mchana na sukari jioni, na sisi tukamshukuru kwa vyote viwili.

Yeye mwenyewe hakupekuliwa. Nani angempekua?

Baba yangu alisaga mawe katika nyumba ya kupimia. Mawe yaliletwa kutoka chini mgodini, baba na wenzake wakayasaga mpaka yawe unga laini, na mzungu wa kupimia akauchoma unga ule kwenye visahani vya udongo ili ajue mwamba ule una dhahabu kiasi gani. Visahani hivyo vilitumika mara moja tu. Baada ya hapo vilitupwa nyuma ya jengo kwenye rundo lenye uzio, na sheria ilikuwa kwamba hata kigae kisitoke, vyote virudi kinuni kusagwa, kwa sababu ule utelezi kama kioo uliogandia ndani huweza kubaki na punje ya dhahabu. Baba aliijua sheria hiyo. Nyapara aliijua zaidi, yeye ndiye aliyewasomea vibarua.

Na visahani vile, nasema kweli ijapo inanichukiza, vilikuwa vizuri. Vizito, vimekaa chini, upana wake wa kiganja, rangi ya kijivu yenye wekundu, na ndani utelezi wa kijani na kahawia unaong'aa. Moto usingevifanya lolote, vilikwisha kupita moto mkubwa kuliko wowote tulioujua. Mtu aliyetafuta kisahani cha majivu kwa miaka asingeweza kupita kando ya rundo lile akaendelea kulala vizuri. Alichukua viwili. Akavichonga mapengo kwa tupa, matatu matatu, yanayoelekea ndani. Kimoja alikiweka kwenye meza yake ya mninga, kioo cha Mhindi kikashushwa kabatini.

Cha pili kilikuja kwetu. Nyapara alizoea kupita nyumbani saa za alasiri kuongea na baba, kwa sababu baba alikuwa msikilizaji, na watu wenye ndimi hupenda watu wenye masikio. Baba hakuvuta. Wamisioni waliombatiza walikataza tumbaku, naye alikuwa mtu wa kushika neno. Kwa hiyo Nyapara alipovuta kwetu alipukutia majivu kwenye chombo chochote kilichokuwa karibu. Huyo ndiye mwenye somo la Jumapili! Siku moja mama alishindwa kuvumilia.

"Nyapara, shikamoo yangu umeipokea, lakini hilo bakuli ndilo la mlenda wetu."

"Marahaba tena, Mama Kabula," alisema akicheka, hakukasirika. "Nitakuletea dawa."

Kesho yake alileta kisahani kimefungwa kwenye leso. Baba alipokiona alisimama.

"Nyapara, hiki kimetoka kwenye rundo."

"Rundo la taka, Baba Kabula. Taka ni ya nani?"

"Wewe ndiye uliyetusomea."

"Basi na mimi ndiye ninayekuambia. Hiki ni changu, kinakaa kwako kwa ajili yangu nikija. Wewe huvuti, utakifanyia nini? Au unanifukuza nyumbani kwako?"

Baba hakuweza kumfukuza nyapara wake. Alikaa chini. Mimi nilikiosha kisahani kile kwa miezi, kwa mkono mmoja, na ilikuwa kweli, kilikuwa rahisi kuosha.

Halafu kukaja upekuzi wa nyumba. Dhahabu ilikuwa inapungua mahali fulani, akaletwa mzungu mgeni na askari. Nyapara aliambiwa jioni ya kuamkia siku hiyo aandae orodha ya vyumba. Alikwenda nyumbani, akavunja kisahani chake kwa nyundo, akakitupa chooni, akarudisha kioo cha kijani juu ya kitambaa. Haya tuliyasikia baadaye kutoka kwa mkewe, alipokuja kutuaga na kibaba cha unga huku analia. Jua lilikuwa bado halijazama alipomaliza. Alikuwa na muda. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka kwake, na alipita mlangoni mara mbili. Namkumbuka. Mara ya pili alisimama, akamsalimia mama, akasema mvua iko karibu.

Nimejaribu kumtetea hapo. Nimesema labda aliogopa, labda alidhani hawatafika kwetu, labda alisahau. Mtu asahau kisahani! Nyapara! Alikumbuka uzito wa kila chombo alichowahi kushika.

Walikikuta asubuhi kwenye kigoda kilipokuwa sikuzote, hatukuwa tumekificha. Mzungu alikipeleka mwangani, akatazama kwa kioo cha kukuzia, na kwenye utelezi akaona punje ndogo kuliko ulezi, ya njano. Baba alisema bila hofu, "Hiki ni cha Nyapara. Mwiteni mwenyewe."

Akaitwa. Alikuja amevua kofia. Mzungu aliuliza, karani akatafsiri.

"Bwana, mimi natumia cha kioo," alisema Nyapara. "Twendeni kwangu mkaone."

Wakaenda, wakaona. Tangu siku hiyo nimejua kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Na kuna jambo dogo ambalo sijamwambia mtu: wakati anakikana, askari alikishika kisahani vibaya, kwenye ukingo, na Nyapara akanyoosha mkono akakisogeza vizuri kwenye kiganja cha askari, kisije kikaanguka.

Mbele ya hakimu baba alieleza kila kitu. Aliulizwa kama anavuta sigara. Akasema havuti. Akaulizwa, mtu asiyevuta ana kisahani cha majivu cha nini? Akasema cha mgeni. Watu walicheka, na nafikiri walioshikwa na kicheko kile hawakuwa wabaya. Hata mimi, kama baba asingekuwa wangu, labda ningecheka. Baba akawaomba watazame mapengo, yamechongwa kwa tupa, na yeye tupa hana, Nyapara anayo. Karani hakuliandika neno hilo. Walisema alikuwa anakwangua dhahabu kidogo kidogo. Alifungwa miezi minane Shinyanga. Sisi tulipewa mpaka saa sita mchana kutoka kwenye nyumba ya mgodi. Tulitembea mpaka Kharumwa kwa babu, mama na vyungu kichwani, na kila tulipopumzika nilimtukana Nyapara kwa sauti.

"Usimtukane mtu mzima, ng'wanawane, mwanangu," mama alisema.

"Kwa nini yeye asitukanwe?"

"Kwa sababu baba yako hamtukani."

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, na bado linanikera. Baba alitoka jela amekonda, kikohozi kifuani, akashika jembe, akalima pamba na mtama, wala sikumsikia akimlaani yule mtu. Alisema tu, "Atakuja. Ni mtu wa maneno mengi, lakini hili litamsumbua." Nilitamani alie, apige kelele, avunje kitu. Aliniudhi kwa upole wake, Mungu anisamehe.

Lakini aibu ilikuwapo. Wakati wakulima wa pamba walipoanza kuchagua watu wao wenyewe wa kusimama kwenye mizani ya mnunuzi, ili wasipunjwe, kila mtu alijua nani anafaa. Baba alijua kusoma. Kwenye nyumba ya kupimia alikuwa ameona mizani inayopima vumbi. Mnunuzi akiegemeza goti tu, baba alijua ni ratili ngapi zimeibwa. Mkutano ulifanyika penye gulio. Jina lake lilitajwa, na mtu mmoja wa nyuma akasema, "Tumweke mwizi wa dhahabu alinde mizani?"

Baba alisimama. Alieleza tena, kama alivyoeleza kwa hakimu, taratibu, na mikono yake ikachora mapengo hewani. Mzee mwenye mkutano alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Mabaya yako siyajui," alisema. "Mimi nakuamini. Lakini hawa si mimi. Aje huyo Nyapara aseme kwa kinywa chake, hapa, kwamba kitu ni chake. Siku hiyohiyo utasimama kwenye mizani."

Basi lilikuwa jambo rahisi. Safari moja na sentensi moja. Wakati huo Nyapara alikuwa ameacha mgodi, amefungua hoteli ya chai Kahama. Hakuna mzungu ambaye angemfunga tena, mgodi ulikwisha kumsahau. Baba alituma salamu kwa mwenye baiskeli aliyeuza samaki wakavu. Jibu likaja: atakuja. Akatuma barua, niliiandika mimi, na nililazimika kufuta maneno yangu mara mbili kwa sababu baba aliyasoma. Jibu: atakuja. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe kwa miguu.

Alirudi baada ya siku saba akiwa na shuka jipya begani. Alitusimulia. Nyapara alimkumbatia mbele ya wateja, akachinja jogoo, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe na yeye akalala chini. Alilia. Alisema, "Baba Kabula, mtu hawezi kufa na kitu kama hiki moyoni. Nitakuja baada ya mavuno." Na asubuhi akampa shuka.

"Kwa nini hukumwambia mje pamoja, siku ileile?" niliuliza.

"Mtu amekuchinjia jogoo, utamvuta mkono?"

Mama alilichukua shuka lile, akalitumia kufunikia mtama usiliwe na kuku.

Mavuno yakapita. Yakapita mengine, na mengine. Mizani ya kwetu ilisimamiwa na mtu aliyejua kuhesabu hadi ishirini tu. Siku za gulio baba alikwenda na pamba yake akapanga foleni, akamtazama mnunuzi anaegemeza goti, akanyamaza, kwa kuwa akisema wangemwambia mwizi anamjua mwizi. Ninapomfikiria baba yangu ndipo ninapomwona, amesimama hapo na mfuko wake, anaona na hasemi. Jela ilimchukua miezi minane, lakini mizani ilimchukua miaka.

Nilikuwa nimekwisha olewa aliposhikwa na kifua mwanzo wa mvua. Hakuchukua hata juma zima. Siku ya mwisho alimwambia mama, "Akija, mkaribisheni." Sikuelewa kwa nini pumzi yake ya mwisho mwisho ilitumika kwa ajili ya yule. Mpaka leo sielewi.

Miezi mitano baadaye nilikwenda Kahama na mume wangu kuuza mpunga. Mchana, mume wangu akiwa kwenye ghala, niliuliza hoteli ya Nyapara, nikaonyeshwa. Sikwenda kwa amani.

Ilikuwa imejaa. Kulikuwa na wafanyabiashara wa ng'ombe, dereva wa basi na utingo wake, watu waliokuwa safarini kwenda migodini. Kila meza ilikuwa na kitambaa, na juu ya kila kitambaa kisahani cha majivu cha udongo mweusi, kizito, chenye kina na mapengo matatu yanayoelekea ndani. Alikuwa amevifinyangisha kwa wanawake wa vijijini. Yeye alikaa karibu na mlango, mzee sasa, jicho moja limefunga ukungu, kofia ya kaki bado kichwani.

"Shikamoo, Nyapara."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hii naijua."

"Mimi ni Kabula. Tulikaa mlango wa tatu kutoka kwako."

Alisimama, akanishika mikono yote miwili, akaagiza chai na maandazi. Akauliza, "Baba hajambo?"

"Tumemzika."

Akakaa. Nilimwona akizeeka mbele yangu, siwezi kukataa. Kisha akafanya nilichokuwa nimekitaka kwa miaka yote. Aligeukia watu wake, akapiga meza, na kwa ulimi uleule wa Jumapili akawaeleza yote: rundo, tupa, viwili alivyovichukua, chooni, kioo cha kijani, baba kufungwa kwa kosa lake. Hakujificha. Alikieleza kisahani chenyewe, uzito wake mkononi, ule utelezi wa ndani jinsi ulivyobadilika rangi kutoka kijani kwenda kahawia ukikielekeza dirishani, na lile pengo la tatu ambalo tupa iliteleza likawa pana kuliko mengine. Watu waliacha kunywa. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka, na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe akasema, "Mzee, wewe una moyo. Wazee wa namna hii wamebaki wachache." Wengine wakaitikia. Dereva akamletea maji. Wakanitazama mimi, wakingoja nifanye sehemu yangu, nimfariji.

Hata hilo alilichukua. Dhambi yake yenyewe aliivaa, ikampendeza.

"Aliitwa nani?" nikauliza.

"Nani, mwanangu?"

"Huyo uliyemfungisha. Umesimulia muda wote huu, hukumtaja."

"Baba Kabula."

"Kabula ni mimi. Nauliza jina lake."

Alifungua mdomo. Alitazama dari, akatazama mlango, akatazama watu kana kwamba mmoja wao angemnong'oneza. Pengo la tatu alilikumbuka.

"Mgodini tulikuwa wengi, Kabula," alisema mwishowe, taratibu.

"Dada, mwache, ni mzee," alisema utingo.

"Nyamaza wewe," nikamwambia. Nikamgeukia Nyapara. "Aliitwa Mabula Nkwabi. Sema."

"Mabula Nkwabi," alisema Nyapara.

"Mabula Nkwabi hakuiba. Sema hivyo."

"Mabula Nkwabi hakuiba."

"Kwa sauti. Kama unavyosema mengine."

Akasimama, akavua kofia, akaipaza sauti mpaka wapita njia wakageuka: "Mabula Nkwabi hakuiba!" Ndiyo ilikuwa sentensi yenyewe, hakuna neno lililopungua. Watu wa hoteli wakatikisa vichwa, wakasema ndiyo, hakuiba, masikini. Niliwatazama uso kwa uso, meza kwa meza, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumjua.